Nani Alitutia Hamu? Publisite na Desturi ya Kutamani Vitu Hapa Katanga

Ndugu musomaji, nianze na mukutano wa wazazi. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa masomo, wakati wa baridi, na wazazi walikuja kuzungumuza juu ya minervali na mitihani ya Serikali. Tulipokuwa katikati, baba mumoja akasimama. Ni mutu wa heshima, anaendesha kamyo. Akasema hivi: “Bwana prefe, na mweye balimu, batoto yetu banaharibika juu ya publisite. Mutoto wangu mwanamuke anataka telefone ya kugusa. Nani alimufundisha? Ni bale banaandikaka ku ukuta.”

Mama mumoja anayeuza unga ku soko akamujibu bila kuinuka: “Tata, na weye, wakati uliona mama yake, ulitamani bibi. Ni ukuta gani ilikuambia?”

Watu wote wakacheka, na baba mwenyewe akacheka. Mukutano ukaishia pale, na minervali hatukuigusa tena siku ile.

Mimi pia nilicheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niliona kwamba wale wawili waligusa neno ambalo vitabu vikubwa vinaligombania tangu zamani: je, publisite inaumba hamu ndani ya mutu, ao inakuta hamu imekwisha kuwapo na kuipeleka tu upande fulani? Mimi si mutu wa biashara. Nilisoma historia ku ISP ya Lubumbashi, na ni miaka zaidi ya kumi na tano sasa ninafundisha vijana. Kwa hiyo nitajibu kama mwalimu wa historia, ni kusema kwa kuangalia nyuma.

Mokambo ni mahali pa kufaa kuuliza swali kama hilo. Mbele yetu iko Mufulira, muji wa shaba wa Zambia. Wazambia wenyewe wanapita katika inchi yetu wakitoka Mufulira kwenda Chembe, kwa ile barabara inayokata ncha ya Kongo iliyoingia ndani ya inchi yao. Publisite inatufikia kwa pande mbili: ya Lubumbashi inakuja kwa Kifaransa na Kiswahili, ya Zambia inakuja kwa Kingereza na Kibemba. Mutoto wa hapa anajua nyimbo za sabuni mu luga ine kabla ya kujua mito ya jimbo lake. Nasema hivyo kwa uchungu kidogo, juu mito njo mimi ninaifundisha.

Tupite upesi kwa wasomi. Mwaka wa 1958 Mumarekani mumoja, John Kenneth Galbraith, aliandika kitabu juu ya utajiri wa inchi yake. Alisema kwamba kiwanda kinatengeneza kintu, kiisha kinatengeneza na hamu ya kile kintu kwa njia ya matangazo. Kama ni hivyo, alisema, hatuwezi tena kusifu kiwanda kwamba kinajibu mahitaji ya watu, maana mahitaji yenyewe yametoka mule mule. Mwaka wa 1961 Friedrich Hayek akamujibu. Ukitoa chakula, nyumba na mambo ya mwanaume na mwanamuke, alisema, karibu hamu zetu zote tunazipata kwa kuishi kati ya watu wengine. Hakuna mutu angetamani kusoma riwaya kama hakuna aliyeandika riwaya. Je, hiyo inafanya riwaya kuwa kitu cha bure? Na tena, hakuna kiwanda kimoja kinachoweza kuamua peke yake watu watapenda nini.

Wote wawili walizungumuza juu ya inchi ambako magazini yamejaa. Kwetu hamu za vitu vya viwanda zilifika kwa njia nyingine, na publisite ilikuja nyuma sana. Njo maana naona mabishano yao hayatutoshi.

Tuanze na ushanga. Kati ya 1857 na 1859, Waingereza wawili, Burton na Speke, walitembea kutoka pwani mpaka ziwa Tanganyika, na Burton akatoa kitabu chake mwaka wa 1860. Mule aliandika juu ya ushanga wa biashara, akasema aina zake zinakaribia 400, na nyingi zilitoka viwanda vya Venice. Kila inchi ilikuwa na mutindo wake. Huku wanataka nyekundu, kule wanataka nyeupe, na mwaka kesho wamegeuka. Mufanyabiashara aliyebeba ushanga usiopendwa aliweza kulala njaa na mizigo yake imejaa mali. Ushanga mwekundu, ule waliouita samesame, njo ulikuwa wa bei kubwa. Moja ya majina yake maana yake ni kumaliza chakula, kwani mutu alikubali kutoa chakula chake cha jioni aupate. Jina lingine lilisema unavunja muji, namna wanawake walivyoupenda.

Hakukuwa gazeti, wala redio, wala picha ku ukuta. Hamu ilikuwapo, tena kali, tena yenye kuchagua. Viwanda vya Ulaya njo vilikimbia nyuma ya wanawake wa bara, si kinyume. Ni vile vile kwa nguo. Pamba iliyotoka Massachusetts iliitwa merikani toka Zanzibar mpaka ndani ya bara, na mutu alipoletewa nguo ingine ya rangi ile ile alijua kwa vidole kwamba si yenyewe.

Msiri pale Bunkeya aliyajua haya vizuri. Baba yake alikuwa mufanyabiashara wa shaba kutoka upande wa Wanyamwezi, na yeye mwenyewe alitawala njia zinazokwenda pwani mbili, ya mashariki na ile ya Benguela. Nguo, ushanga, bunduki na baruti viliingia. Shaba na pembe vilitoka, na watu pia walitoka wamefungwa. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Sitaki kumufanya musomaji afikiri kwamba hamu za zamani zilikuwa safi juu tu hazikutoka ku publisite. Kuna ushanga uliolipwa kwa mutoto wa mutu.

Sasa niingie katika bukari, maana hapa mambo ni mazito zaidi.

Uliza kijana yeyote wa Mokambo chakula cha mababu zetu ni nini, atakujibu: bukari ya mahindi, ile nyeupe. Nilipokuwa mutoto mimi pia niliamini hivyo. Nkambo yangu mwanaume njo alinisahihisha. Alisema wakati wa ujana wake watu wa huku walikula mutama, malezi na muhogo. Mahindi yalikuwapo, lakini mingi waliyachoma ao kuyachemusha, kama mutu anayekula kwa kupitisha muda. Bukari nyeupe, alisema, “ni ya kompani”.

Historia inamupa haki. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka wa 1910, na shaba ya kwanza ikatoka mu tanuru ya Lubumbashi mwaka wa 1911. Wafanyakazi walitoka mbali na hakukuwa mashamba ya kutosha kuwalisha. Unga wa mahindi njo ulikuwa rahisi kupakia mu treni, na kwa miaka ya kwanza mingi yake ulitoka Rhodesia. Kompani iligawanya posho: unga, samaki ao nyama, karanga, mafuta, chumvi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ilipoamua kuwaacha wafanyakazi wakae na bibi zao kambini, posho ikafika ndani ya jiko. Mama alipika kile kilichogawanywa. Mutoto alikua akila kile kilichopikwa. Miaka makumi mawili ikapita, na mutoto yule yule amekuwa mutu mukubwa. Ukimupa bukari ya malezi anasema ni nyeusi, ni ya kijiji, haimushibishi.

Angalia vizuri, ndugu musomaji. Hakuna bango hata moja lililosema: kuleni mahindi meupe. Hakuna wimbo. Hata hivyo ile hamu imekuwa na nguvu kuliko hamu zote za publisite kwa jumla. Mpaka leo, Zambia ikifunga mupaka juu ya kulinda unga wake, Lubumbashi nzima inalalamika na bei ya meka inapanda juma lile lile. Hapa Mokambo tunaijua habari kabla ya magazeti, maana tunaona kamyo zimesimama.

Kwa hiyo yule baba wa kamyo akisema hamu zote za watoto zinatoka ku ukuta, ninamuuliza: na hamu yako ya bukari, uliitoa wapi? Hamu inaweza kuumbwa, hapo Galbraith hakudanganya. Ila mwenye kuiumba anaweza kuwa yule anayegawanya chakula, hata kuliko yule anayekisifu.

Na zile hamu, mara zikiisha kuingia, si za uongo. Hapa ninapingana na wale wanaosema kwamba mufanyakazi alidanganywa tu na vitu vya wazungu. Wakati wa vita ya pili bei ya vitu mu magazini ilipanda sana, na mushahara ukabaki nyuma. Mu Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 wagomaji wamekusanyika ku kiwanja cha mupira mu Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pale. Watu wale walidai mushahara utakaoweza kununua nguo na chakula kwa bei mupya. Sitakubali mutu aniambie kwamba walikufa juu ya hamu ya kuazima.

Kiwanja cha mupira kinanikumbusha hadithi ingine, na hii inachekesha.

Kila mutoto wa Katanga anajua TP Mazembe. Timu ile ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenedikto, na jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Baadaye ikachukua jina Englebert. Vijana wangu wa leo wanafikiri Englebert alikuwa muchezaji ao mutakatifu. Hapana. Englebert ilikuwa gurudumu! Ilikuwa kompani ya Liège, mu Ubelgiji, inayotengeneza mipira ya motokari. Hata Ferrari katika mashindano ya miaka ya 1950 zilikimbia na mipira yake. Kompani ilisaidia timu, na timu ikabeba jina lake. Kwa jina lile, Tout Puissant Englebert, ilishinda kombe la Afrika la vilabu mwaka wa 1967 na tena 1968.

Fikiri kidogo. Hakuna publisite kubwa zaidi ya ile. Maelfu ya watu wanaimba jina la bidhaa yako kila siku ya Mungu, wanalia juu yake, wanapigana juu yake, wanaita watoto wao kwa majina ya wachezaji wake. Kama matangazo yangekuwa na nguvu ya kuumba hamu kutoka ku bure, Elisabethville nzima ingenunua mipira ya Liège. Lakini mutu asiye na motokari atafanya nini na mupira wa motokari? Wale waliokuwa na baisikeli walinunua mipira ya baisikeli, ile waliyoikuta. Upendo wote ulikwenda kwa timu, na kompani haikubakiwa na kintu. Leo jina la Englebert wanalijua wazee, na Mazembe amechukua kombe la Afrika tena mwaka wa 2009, 2010 na 2015 bila gurudumu.

Kwangu hii inaonyesha mupaka wa publisite wazi kuliko kitabu. Pale ambapo hakuna mahali pa kushika, inateleza. Watu walikuwa na hamu ya kuwa pamoja, ya kushinda, ya kumuonyesha muzungu kwamba siye pia tunaweza. Hamu ile ilichukua jina lililokuwa mbele yake, ikalitumia, kiisha ikalitupa.

Niseme neno fupi juu ya ng'ambo. Mwaka wa 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ilitoka redio ndogo ya betri, ya mviringo, iliyofanana na sufuria. Waingereza waliiita kwa jina lile la sufuria. Harry Franklin wa idara ya habari alikuwa amezunguka akitafuta kiwanda kitakachokubali kutengeneza redio ya bei nafuu kwa Waafrika, na kompani ya betri ya Ever Ready ikakubali. Iliuzwa paundi 5, betri mbali. Kwa mufanyakazi wa mugodi hiyo haikuwa pesa ya kuchezea. Na bado watu walizitaka kuliko zilizopatikana. Wazee wa upande huu nao waliita redio “wayaleshi”, neno la kule kule, na walinielezea namna watu walivyokusanyika jioni nyumbani kwa mutu mwenye nayo. Walitaka habari, walitaka muziki, walitaka kusikia luga yao ikitoka mu kintu cha wazungu. Redio ilipoenea, njo matangazo ya biashara yakapata kiti cha kukaa. Kwa hiyo hapo tena hamu ilitangulia, publisite ikapanda juu yake kama mutu anayepanda treni iliyokwisha kuondoka.

Telefone ilifanana na hiyo. Kabla ya mwaka wa 2000 tulikuwa na foni, ile redio ya kupiga mawimbi. Mutu akiwa na mugonjwa Kananga ao ndugu Kinshasa, alikwenda ku foni, akangojea saa mbili, kiisha akalalamika mbele ya watu wote mambo ya nyumba yake, akisema “over” baada ya kila neno. Celtel iliingia Kongo mwaka wa 2000, Vodacom mwaka wa 2002. Hapa mupakani wengine tulikuwa tunapanda juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya soko ili kushika rezo ya Zambia. Mwalimu mwenye shati na karavati, juu ya kichuguu, mukono hewani! Hakuna bango lililonipandisha pale. Mama yangu alikuwa mugonjwa Likasi.

Kuta njo zilikuja baadaye, na rangi zao. Celtel iligeuka Zain mwaka wa 2008, Zain ikageuka Airtel mwaka wa 2010, na kuta zilizokuwa na jina la kwanza zikapakwa upya kila mara. Sikuona mutu aliyepunguza hamu ya kuzungumuza na mama yake kwa sababu rangi imegeuka. Kwa simu ya kwanza, basi, ninamupa haki yule mama wa unga. Kwa simu ya pili na ya tatu, ile ya kugusa ambayo mutoto anaitaka hata kama ya kwanza inafanya kazi, sina uhakika ule. Ila hata pale ninaona kwamba mutoto hakuitaka alipoona ukuta. Ukuta aliupita miaka mitano. Aliitaka siku mwenzake wa benchi alipoitoa mu kisakoshi.

Nikifika hapa, kama ningesimama, ningesema publisite ni kintu kidogo, mbwa anayebweka nyuma ya kamyo. Nilifikiri hivyo kwa muda mrefu, na niliwaambia wanafunzi hivyo. Kilichonigeuza ni ngozi ya mudogo wangu.

Mudogo wangu alikuwa anajitayarisha kuolewa. Alinunua kopo la mafuta ku soko, lenye picha ya mwanamuke anayecheka, na maandiko ya kusema ngozi itang'aa. Sitataja jina la mafuta wala muuzaji. Miezi ya kwanza watu walimusifu: “Yaya, umekuwa mweupe!” Yeye akafurahi, akaongeza. Mwaka wa tatu mashavu yalianza kutoka madoa ya rangi ya majivu, kama mutu aliyeungua. Aliacha mafuta, madoa hayakumuacha. Alipika siku nzima juu ya moto mumoja na mama mukubwa wetu, kwa kilio cha ndugu wa mbali, amejifunika kitambaa mpaka machoni, na mama mukubwa akamuuliza: “Mwanangu, ulikuwa unatafuta nini?” Akajibu: “Nilitaka kung'aa tu, mama.”

Mama mukubwa akanyamaza kidogo, kiisha akaeleza namna walivyomutoa yeye nje siku ya ndoa yake. Walimupaka mafuta na nkula, ile unga nyekundu ya muti, mpaka jua likipiga ngozi inarudisha nuru. Nkula inajulikana kwa Waluba na kwa Wabemba. Audrey Richards, aliyeangalia sherehe za wasichana wa Kibemba mwaka wa 1931 na kuandika kitabu juu yake mwaka wa 1956, naye aliikuta pale katikati ya sherehe. Mwanamuke mupya alipaswa kung'aa. Maana yake alikuwa na afya, amelishwa vizuri, anatunzwa, watu wake wanamuheshimu. Hakuna mutu aliyesema kwamba kung'aa ni kuwa mweupe. Mwanamuke mweusi kabisa aling'aa kuliko wote.

Nilipowasikiliza wale wawili ku moto, nilielewa kintu ambacho sikukipata kwa Galbraith wala kwa Hayek. Neno lilikuwa moja, kung'aa. Mama mukubwa alilisema, mudogo wangu alilisema, na kopo pia lililisema. Lakini ndani yake vitu vilikuwa vimebadilishwa. Publisite haikuumba hamu ya mudogo wangu. Hamu ile ni ya zamani, ni ya nkambo zake. Na haikuipeleka tu huku ao kule, kama mutu anayeelekeza ng'ombe ku maji. Ilichukua neno letu, ikalitoboa, ikatoa kilichokuwa ndani, ikatia kingine, kiisha ikaturudishia likiwa na ganda lile lile. Ndiyo maana mutu hashituki. Anafikiri anafuata desturi.

Lakini publisite ya mafuta isingeweza peke yake. Kwanza kulikuwa na miaka mingi ambamo mweupe njo alikaa ku kiti, njo aliandika mu buku, njo alilala mu nyumba ya matofali ya muji, na mweusi akarudi ku site kabla ya usiku. Mutoto aliyezaliwa na muzungu alipewa njia zingine. Karani aliyefanana kidogo na muzungu, kwa nguo na kwa luga, alipewa kadi. Hakuna aliyehitaji kueleza kwa maneno ngozi gani inafungua mulango. Udongo ulikuwa umekwisha kulimwa. Ng'ambo yetu, mu Rhodesia na mu Zambia, mafuta ya Ambi yalitangazwa sana katika miaka ya 1960 na 1970, na picha zake ziliunganisha ngozi ya maji ya kunde na kazi nzuri, nguo nzuri, bwana muzuri. Uhuru ulikuwa umefika, bendera imegeuka, na bado mafuta yaliuzwa. Ndani ya mengi ya namna hii mulikuwa haidrokwinoni, na mengine zebaki. Dawa hizo zinazuia rangi ya ngozi kutengenezwa, na baada ya muda zinaweza kuleta madoa meusi ya bluu yasiyotoka. Afrika ya Kusini iliamua kuyakataza mwaka wa 1990. Sokoni kwetu yanapita mupakani mu mufuko mumoja na biskuti.

Kwa hiyo nikirudi ku mukutano wetu: baba wa kamyo alikosea kwa telefone, na mama wa unga alisema kweli. Lakini kama baba angesema mafuta ya ngozi, ningesimama upande wake. Hamu hazifanani. Kuna hamu ambayo tangazo linaikuta mulangoni imesimama, kama yangu juu ya kichuguu. Kuna ile isiyopatikana hata ukiimba kila siku, kama mupira wa Englebert. Na kuna ile inayozaliwa ku posho bila neno moja kusemwa, na hiyo njo ngumu kuliko zote kuona, kwa sababu hakuna wa kulaumu ku ukuta. Kazi yetu sisi tunaoandika juu ya desturi, nafikiri, ni kuyaangalia maneno. Neno kama kung'aa, kama kushiba, kama heshima, kama ndoa kubwa. Nani analitumia leo, na ametia nini ndani? Wazee wenye kukumbuka maana ya kwanza wanapungua. Mama mukubwa wangu amefika umri ambapo tunahesabu misimu ya mvua.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano niliwapa kazi hiyo: kila mumoja aende nyumbani, aulize nkambo yake maana ya neno moja, kiisha atafute neno lile ku ukuta ao mu redio. Wengi walileta kung'aa, bila mimi kuwaambia. Kijana mumoja alileta neno “nguvu”, akasema kwa nkambo yake ni kulima mpaka saa sita, na ku redio ni pombe.

Juma iliyopita nilimupitia yule mama wa unga ku soko, nimununulie meka mbili. Juu ya meza yake anasimamisha mufuko mwekundu wa kutoka Zambia, wenye picha ya mahindi. Ni mutupu, ameujaza magazeti ili usianguke. Unga wenyewe anautoa mu ngunia ya kawaida nyuma yake, mahindi ya huku huku, yaliyosagwa ku kinu cha jirani. Nikamuuliza kama wateja hawajui.

“Banajua, Mwalimu,” akasema. “Siku moja niliitosha, ile mufuko. Banapita tu. Bananiuliza: mama, leo unga haiko?”